Televisheni Nzuri Hupimwa Gizani

SWALI: Mimi na mume wangu tumejichanga miaka miwili ili tununue televisheni moja nzuri ya kukaa nayo muda mrefu. Dukani tumeoneshwa mbili za inchi 65, bei zinakaribiana. Moja ni ya teknolojia ya OLED, nyingine ni ya mini-LED, ambayo muuzaji anasema ina niti 3000 (niti ni kipimo cha ukali wa mwanga). Zikiwashwa pamoja, hiyo ya niti 3000 inawaka mpaka unakunja uso, na mume wangu anaitaka hiyo. Mimi nimeipenda OLED ila nikiulizwa kwa nini sina jibu. Sebule yetu ina dirisha kubwa upande wa baharini. Mchana hatuwashi TV; jioni ni mpira, usiku filamu. Tutajuaje ipi ina picha bora? – Msomaji, Tanga

JIBU: Dada yangu, jicho lako limeona kitu cha kweli, ila halijapata maneno ya kukisema. Kazi yangu ni kupima televisheni na kusawazisha rangi zake majumbani mwa watu, kwa hiyo maneno nitakupa. Ila kwanza nimtetee shemeji. Duka lile limepangwa ili kila anayeingia achague kama alivyochagua yeye.

Kumbuka mlivyosimama pale. Juu yenu tubu nyeupe zinawaka mchana kutwa. Televisheni zote zimewekwa kwenye hali ya dukani, ambayo hupandisha mwanga hadi mwisho, hukoleza rangi na kuutia weupe ubluu. Na video inayochezwa ni ile ile ya kila duka: asali inamiminika, kasuku wanaruka, matunda yanakatwa, maua yanafunguka. Hakuna giza ndani yake. Hakuna uso wa mtu aliyekaa tu. Ni video iliyotengenezwa ili isiiletee televisheni yoyote shida. Na jicho la binadamu likiwekewa mianga miwili sambamba hukimbilia ule mkali na wenye ubluu zaidi, hata kama ndio ulio mbali na ukweli. Mkiipeleka nyumbani ilivyo, baada ya wiki mtaanza kuona kanzu nyeupe zote kwenye tamthilia kama zimelowekwa kwenye buluu ya kufulia, na saa nne usiku macho yatauma.

Sasa, picha bora ni ipi? Kila filamu, kabla haijatoka, kuna mtu amekaa kwenye chumba chenye mwanga hafifu mbele ya skrini ya kazi akiamua kila kivuli kiwe cheusi kiasi gani na kila shavu liwe na wekundu kiasi gani. Mojawapo ya skrini zilizotumika sana kwa kazi hiyo ni Sony BVM-HX310, ya inchi 31 tu, inayofika niti 1000. Weupe wake umefungwa kwenye kipimo kimoja dunia nzima, kiitwacho D65, ambacho ni weupe wa mchana wa kawaida, karibu 6500 kwa kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga. Televisheni bora ni ile inayokuletea sebuleni alichokiona mtu yule, bila kuongeza chake na bila kupunguza. Hilo linapimika, halihitaji mabishano ya mke na mume.

Na hapa ndipo niti 3000 zinapoanza kupungua thamani. Picha za HDR, hizi za kisasa zenye mwanga mpana, nyingi zinafuata mchoro wa mwanga uliobuniwa na kampuni ya Dolby na kupitishwa kuwa kanuni mwaka 2014. Mchoro huo unakwenda mpaka niti 10,000. Mtu angedhani ngazi zake za mwanga zimegawanywa sawasawa, lakini sivyo: nusu nzima ya ngazi zote iko chini ya niti 100. Ukifika niti 1000 umeshapanda robo tatu ya ngazi. Kutoka 1000 kwenda 4000, mwanga mara nne, unaongeza kama asilimia 15 tu. Waliouchora walifuata jinsi jicho linavyofanya kazi. Jicho letu linatofautisha sana vitu vilivyo gizani na linachoka upesi kwenye ukali. Kwa hiyo nusu ya kazi ya televisheni inafanyika kwenye utusitusi, mahali ambapo video ya asali haifiki kabisa.

Ndiyo maana mimi huanza na giza kila mara, na mwanga naupima mwisho.

Nina flashi ninayotembea nayo. Video ninayoitegemea kuliko zote niliirekodi mwenyewe: shangazi yangu ameketi barazani usiku, kandili iko sakafuni kushoto kwake, nyuma yake mlango wa mbao uliofungwa. Shavu la kushoto limepata mwanga wote, lina mng'ao wa jasho. Upande wa kulia wa uso uko kwenye kivuli, lakini haujapotea. Nilikuwa pale, najua jicho lake la kulia lilionekana, na mkunjo ulio kando ya mdomo, na pindo la kanga ya bluu iliyokolea karibu kuwa nyeusi. Nyuma ya kichwa, nywele zilikuwa nyeusi na mlango ulikuwa mweusi, lakini weusi mbili tofauti. Televisheni nzuri inanionesha zote mbili. Ile inayomeza giza inaukata uso wa shangazi katikati kama kwa kisu: nusu mtu, nusu shimo. Ile inayoogopa giza inakosea kinyume, inauinua mlango wote ukawa wa kijivu, na kuzunguka kandili panatokea ukungu mweupe ambao usiku ule haukuwepo.

Chukua mfano huu ukauangalie kwenye hizo mbili. Kwenye OLED kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, inawaka yenyewe. Ikitakiwa kuwa nyeusi inazimika, basi. Kandili inaweza kugusana na giza tupu bila chochote kuvuja. Mini-LED kwa asili ni ile ile LCD tuliyoizoea: kuna taa nyuma, na mbele yake kioo kinachofungua na kufunga njia ya mwanga. Uzuri wake ni kwamba taa ni ndogo na ni nyingi, zimepangwa kwa maeneo yanayoweza kufifishwa kila moja peke yake. Lakini fanya hesabu. Skrini ya 4K ina pikseli milioni 8.3. Hata ikiwa na maeneo 2000, kila eneo linahudumia pikseli zaidi ya 4000. Ikija nyota moja kwenye anga jeusi, televisheni inalazimika kuchagua: iwashe eneo zima ili nyota ing'ae, upate ukungu kuizunguka, au ilififishe eneo, nyota ififie. Mini-LED za bei ya juu zinachagua kwa akili sana siku hizi, na zile nzuri kweli nimezisifu mbele ya wateja. Lakini haziachi kuchagua. Njia rahisi ya kuliona hilo ni maandishi meupe ya tafsiri chini ya filamu wakati wa onesho la giza. Tazama mstari ukitokea na ukipotea. Kama giza lililo chini ya skrini linapumua pamoja na maandishi, umeshaona.

Nimekutajia uso wa shangazi kwa sababu nyingine pia. Ngozi ndiyo kipimo cha rangi kisichodanganyika, kwa kuwa hakuna kitu tunachokijua kwa karibu kama ngozi ya mtu wetu. Nyasi zikiwa kijani zaidi kidogo hakuna anayejali. Uso ukiwa mwekundu zaidi kidogo unajua hapo hapo. Na ngozi nyeusi inapima vitu viwili kwa mpigo: rangi na giza. Inataka televisheni ijue kutofautisha kahawia ya paji la uso, kahawia nyingine ya chini ya kidevu, na wekundu mdogo wa ndani ya kiganja, zote zikiwa kwenye mwanga mdogo. Tasnia ya picha imechelewa sana hapa. Kwa miongo kadhaa maabara za kusafishia picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe, zikijulikana kama kadi za Shirley, na ndiyo maana kwenye albamu nyingi za zamani ndugu zetu wamebaki meno na macho. Televisheni iliyokolezwa rangi inaturudisha kule kule: uso wa mtu mweusi unageuka tofali. Kwa hiyo msikubali kupimia kasuku. Mrekodi mtu mnayemjua, jioni, karibu na taa ya kawaida ya nyumbani, mtie video kwenye flashi. Simu nayo ina mambo yake ya kurembesha, lakini video ikiwa moja kwenye televisheni mbili, ulinganisho ni wa haki, na mtu mwenyewe mnaweza kwenda naye akasimama kando ya skrini.

Jinsi ya kupima dukani, basi. Nendeni karibu na saa ya kufunga, msiende Jumamosi mchana. Mwombeni muuzaji aitoe televisheni kwenye hali ya dukani, kisha achague hali ya picha iitwayo Filmmaker Mode, na kama haipo, ile ya Cinema au Movie. Filmmaker Mode ilitangazwa mwaka 2019 na watengenezaji televisheni kwa kushirikiana na watu wa filamu, na kazi yake ni hii tu: kuzima marembo yote kwa kitufe kimoja na kurudisha weupe kwenye D65. Zimeni pia kihisi cha mwanga wa chumba na kile cha kuokoa umeme. Mara ya kwanza picha itaonekana ya manjano na imefifia. Msishtuke. Kaeni nayo dakika kumi bila kutazama televisheni za jirani, macho yatajirudi, kisha ndipo muanze kuangalia. Muuzaji akikubali kuzima taa za upande ule, vizuri. Akikataa, chukua kanga, jifunikeni nayo wewe na shemeji pamoja na kona ya skrini, kama wapiga picha wa zamani na kitambaa chao cheusi. Watu watawatazama. Waacheni watazame, fedha ni zenu.

Chini ya kanga hiyo tazameni vitu vitatu. Uso gizani, kama nilivyoeleza. Kisha anga baada ya jua kuzama: rangi ya chungwa inapopanda kuelekea bluu inapaswa kupita taratibu kama maji, na ukiona ngazi ngazi, mistari kama ya ramani, televisheni inashindwa kulainisha (ingawa wakati mwingine kosa ni la video yenyewe kubanwa mno, ndiyo maana nasisitiza ulinganishe video moja kwenye zote mbili). Kisha ukurasa wa kijivu kilichokolea, skrini nzima. Hapo utaona madoa, mistari ya wima, kona zilizo na mwanga zaidi. Hili la tatu hutofautiana hata kati ya televisheni mbili za toleo moja zilizotoka kiwandani siku moja, kwa hiyo lirudieni kwenye ile mtakayobeba, siyo ile ya maonesho. Kwenye uwanja wa mpira madoa hayo ndiyo yanayoonekana kama kivuli kichafu kinachofuata kamera.

Tukija kwenye mwanga, nimtendee haki shemeji. Niti 3000 za muuzaji zimepimwa kwenye kipande kidogo cha skrini, mara nyingi asilimia 10 au chini yake, na pengine kwa sekunde chache. Ni nambari ya kweli, ila inazungumzia mmeto wa jua kwenye maji, haizungumzii picha nzima. Picha nzima ndipo mini-LED inaposhinda kwa haki. OLED ikijazwa weupe skrini nzima hujishusha yenyewe, nyingi zinarudi kwenye niti 200 mpaka 400, wakati mini-LED nzuri inabaki juu zaidi. Uwanja wa mpira saa nane mchana, chumba kimejaa jua, mini-LED ndiyo ningechagua bila kusitasita. Lakini wewe umeniandikia kwamba mchana hamuwashi, na dirisha lenu liko baharini. Tanga bahari iko mashariki. Mechi nyingi za Ulaya zinaanza kwetu kati ya saa 9 alasiri na saa 5 usiku, na wakati huo jua liko nyuma ya nyumba yenu au limeshazama. Mwanga unaoingia ni wa anga tu, na pazia moja zito linaumaliza.

Hakikisheni tu kwamba skrini haitazamani na dirisha. Na kabla ya kulipia OLED, izimeni, washa tochi ya simu, imulike kwenye kioo kwa pembeni. OLED ziko za familia mbili. Zile zinazotumia paneli za LG zinabaki nyeusi tii chini ya tochi. Zile za QD-OLED, paneli za Samsung zilizoingia sokoni mwaka 2022, zinageuka kijivu chenye uzambarau, kwa sababu kioo chake hakina ile tabaka ya kuchuja mwanga wa nje. Gizani QD-OLED ina rangi za kupendeza mno, nyekundu yake hasa, na mkikaa pembeni haipauki. Kwenye chumba chenye taa kubwa juu, weusi wake unapotea. Kwa nyumba inayotazama filamu usiku taa zikiwa zimezimwa, yoyote kati ya hizo mbili itawafaa.

Mpira unataka jicho lingine. Matangazo yetu yanakuja kwa picha 50 kwa sekunde. Mpira ukikatiza skrini ya inchi 65 kwa sekunde moja, kila picha unaruka karibu sentimita 3, na jicho linaloufuata linaona mkia. Hapa kile kilainisha mwendo kilichomo kwenye televisheni, kinachobuni picha za katikati, kina faida, kiwasheni kwa kiwango cha chini au cha kati, na dukani muombe muoneshwe kamera ikifuata winga anayekimbia: nambari ya mgongoni inasomeka au haisomeki? Filamu ni kinyume. Filamu ni picha 24 kwa sekunde, na kilainisha mwendo kinaifanya ionekane kama tamthilia ya studio. Mwaka 2018 mwigizaji Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walirekodi ujumbe mzima kuwaomba watu wakizime. Nawaunga mkono, isipokuwa kwenye OLED ningeacha ngazi moja tu ya chini kabisa, kwa kuwa pikseli zake zinabadilika upesi mno na kamera ikizunguka polepole picha hudundadunda.

Mengine nitayapita haraka. 8K, ile yenye pikseli nyingi kuliko 4K, msilipie: kwa inchi 65, jicho zima haliwezi kutenganisha pikseli za 4K ukiwa mbali zaidi ya mita 1.3, na sidhani kochi lenu liko karibu hivyo. Mita 2 mpaka 2.5 ni umbali mzuri. Uwiano wa weupe na weusi, ule wa "milioni kwa moja" ulioandikwa kwenye boksi haukusaidii chochote. Hz 240 au zaidi (idadi ya mara skrini inavyobadilisha picha kwa sekunde) zilizoandikwa kwa maneno ya kibiashara, ulizeni paneli yenyewe ni ngapi, jibu la kweli mara nyingi ni 120 au 144. Kama mna makochi ya pembeni, kaeni pale dukani kwa pembe hiyo hiyo: LCD nyingi hupauka zikitazamwa kwa pembeni. Na chaneli za king'amuzi zimebanwa sana, kwa hiyo ombeni muoneshwe chaneli ya kawaida ya habari ikiwa imetanuliwa kwenye skrini hiyo, kwa kuwa hiyo ndiyo mtakayoitazama siku nyingi kuliko filamu ya 4K. Filamu za 4K kwa intaneti zinataka kama megabiti 15 kwa sekunde zisizoyumba.

Kwa maelezo uliyonipa, ningenunua OLED na pazia. Ulichokiona dukani bila kujua jina lake ni weusi: hata chini ya zile tubu, kuna kona ya picha ilikuwa imetulia, na kila rangi iliyosimama juu ya kona hiyo ilikuwa na mwili. Lakini rudi dukani na shemeji, mkajifunike kanga, atazame uso na siyo kasuku, na akisema bado anaitaka mini-LED baada ya hapo, basi anajua anachokichagua na mini-LED nzuri haitawatesa.

Mkichukua OLED, kuna jambo moja la nyumbani kwetu ambalo maduka hayasemi. Tumezoea kuzima kila kitu ukutani tukienda kulala. OLED hujisafisha pikseli zake yenyewe ikiwa imezimwa kwa rimoti lakini umeme bado upo; za LG hufanya hivyo baada ya kutimiza saa 4 za kutazamwa. Ukizima ukutani kila usiku hazipati nafasi hiyo, na nembo ya chaneli ya habari inayokaa kona ile ile mwaka mzima inaweza kuacha alama. Zima kwa rimoti, iache usiku imeunganishwa kwenye kilinda umeme kizuri, na ule ukutani uuzime asubuhi kama ni lazima.